Prado ya 1KZ inanisumbua Kitonga, nifunge intakula au niache?

Mnyalukolo_Ilula:
Wakuu heshima kwenu. Nina Prado KZJ95 ya 1997, injini 1KZ-TE, ile ya lita 3 dizeli yenye tabo (kifaa kinachoshindilia hewa kwenye injini). Kila mwezi natoka Dar kwenda Iringa na familia pamoja na mizigo ya duka. Mpaka Mikumi gari inatembea haina neno, nikishapita Ruaha Mbuyuni nikaanza kuipandisha mlima Kitonga ndo kazi inaanza. Nikiwa nyuma ya lori natambaa na gia ya pili hamna shida, ila nikipata nafasi ya kupita nikakandamiza mafuta dakika mbili tatu hivi, nguvu inaisha taratibu, moshi mweusi unatoka nyuma na mshale wa temperecha unavuka katikati. Fundi mmoja huku Ilala kaniambia shida ni kwamba haina intakula, yani kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, nitafute ya Subaru aniwekee mbele ya rejeta, siku moja kazi imeisha. Je inasaidia kweli? Na ikae juu ya injini au mbele? Nasikia hedi (kile kipande cha juu cha injini kinachofunika silinda) za 1KZ zinapasuka ndo maana naogopa kuibabaisha.

Fundi_Nozeli:
Mkuu usikimbilie kufunga. Ngoja nikueleze ili na wengine wenye 1KZ wasome.

Umeshawahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono, ukashika pale chini ya pampu ukakuta pana moto? Tabo inafanya hivohivo. Hewa ya nje ikiwa digrii 32, ikishindiliwa na tabo mpaka presha ya psi 10 hivi inatoka ikiwa kwenye 100 na zaidi, na hewa ya moto imetanuka kwaiyo kila silinda inapata hewa pungufu kuliko unavyodhani. Intakula kazi yake ni kuipoza hiyo hewa kabla haijaingia kwenye manifodi, yani njia za kuingizia hewa kwenye silinda, ikiwa nzuri na inapata upepo inaweza ikakushushia mpaka 50 na kitu. Hewa ikiwa nyingi dizeli inaungua vizuri, moshi unapungua na joto la ekzosti linashuka. Hapo ndo faida ilipo kwa 1KZ, maana hedi yake ni ya alumini imekaa juu ya bloku ya chuma, hivi vitu viwili havitanuki sawa, ukiipandisha joto mlima mzima mara kwa mara ndo unasikia imepasuka katikati ya valvu.

Lakini nguvu usitegemee muujiza. Pampu ya 1KZ-TE inaongozwa na kompyuta, haina ile skrubu ya kuongeza mafuta kama pampu za zamani. Dizeli ikibaki ileile nguvu inaongezeka kidogo tu.

Sasa kubwa zaidi: mshale kuvuka katikati hiyo ni shida ya maji na rejeta, sio ya hewa, na ukienda kuziba mbele ya rejeta na intakula wakati rejeta yenyewe imechoka unaenda kuiua hiyo hedi kabisa. Toa kwanza grili, angalia kama pameziba uchafu kati ya rejeta na kondensa ya eisi, ile inayofanana na rejeta iliyo mbele yake. Halafu feni klachi, ile inayoshika feni ya injini, gari ikiwa ya moto zima injini uzungushe feni kwa mkono, ikizunguka huru kama haina kitu imekufa hiyo, inatakiwa iwe nzito. Badili themostati na kifuniko cha rejeta, ni vitu vya bei ndogo. Hayo yakiwa sawa rudi hapa tuongelee intakula.

Surf_na_Prado:
Naunga mkono fundi hapo juu. Mimi nimefunga kwenye KZJ95 kama yako, nina miaka mitatu nayo sasa. Nilitumia ya Hilux Surf KZN185, zile Surf za baadaye za Japani zilitoka na 1KZ hiihii ila zina intakula juu ya injini. Uzuri wake mabomba ni mafupi na imetengenezwa kwa ajili ya injini ileile. Kazi ipo kwenye boneti, lazima ukate tundu uweke pua ya kuvutia upepo, na chini yake uweke mpira unaokaba pembeni ili upepo upite ndani ya intakula sio kuzunguka pembeni yake. Watu wengi hiyo mipira hawaweki, intakula inakaa pale inapata joto la injini tu.

Na ukinunua iliyotumika igeuze kichwa chini uigonge taratibu. Ya kwangu ya kwanza ilimwaga oili nyeusi na vipande vidogo vya alumini vinang'aa, yani ilitoka kwenye gari lililovunja tabo. Niliirudisha palepale. Vile vipande vikiingia kwenye silinda umekwisha.

Kiplangat_80:
Niko Eldoret, yangu ni Land Cruiser 80 ya 1HD-T, niliweka ya mbele. Inapoza vizuri kushinda ya juu gari ikitembea, ila mabomba ni marefu na kila kiungo ni mahali pa kuvujia. Makanika alikata bomba la alumini akaliacha laini hivo, akavalisha mpira wa silikoni na klipu za kawaida. Nikitoka Nakuru nimebeba mzigo, nafika Salgaa nasikia mlio kama tairi imepasuka, gari ikaisha nguvu na moshi nyuma hata barabara sioni. Mpira ulikuwa umechomoka. Baadaye nikapeleka kwa mtu wa kuchomea, akazungushia mshono wa weldi mwishoni mwa kila bomba ili mpira ushikilie, nikaweka na klipu za bolti. Haijatoka tena. Na uweke geji ya joto la ekzosti, ikae kabla ya tabo. Mimi ikikaribia digrii 700 naachia mafuta au napunguza gia, sibishani nayo.

Mnyalukolo_Ilula:
Wakuu nimerudi. Jumamosi tumetoa grili na kulegeza kondensa, jamani, kati yake na rejeta palikuwa na tope limeganda na mabawa ya panzi, nusu nzima ya chini mwanga haupiti. Na feni klachi inazunguka huru kabisa. Nimesafisha kwa maji ya presha ndogo kutokea nyuma, feni klachi nimebadili. Juzi nimepanda Kitonga, mshale haujatikisika. Moshi bado upo kidogo nikikandamiza. Sasa ndo natafuta ya Surf, ila naomba kujua nitajuaje kama hedi haijaumia tayari?

Fundi_Nozeli:
Safi sana. Asubuhi injini ikiwa baridi fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji mpaka juu, washa mtu akupigie resi kidogokidogo. Ukiona mapovu yanatoka mfululizo hayaishi, au ukifunga kifuniko ukawasha tena, ukishika mpira wa juu wa rejeta umeshakuwa mgumu ndani ya dakika moja wakati maji bado ya baridi, usinunue intakula, hiyo hela peleka kwenye hedi. Ukikuta maji yametulia, endelea na ya Surf, na kabla ya kuifunga ziba mdomo mmoja, pulizia upepo wa psi 15 ikiwa imezamishwa kwenye beseni la maji uone kama inavuja.