Megapikseli 45 au lenzi bora: nichague kipi?

Kinyonga: Wadau, nina kamera ya fremu kamili (sensa yake, yaani sehemu inayopokea mwanga, ni mm 36 kwa 24), megapikseli 24, na zumu, lenzi ya kuvuta karibu, ya bei rahisi ya mm 70–300. Napiga ndege zaidi. Nikikuza picha kwenye kompyuta, manyoya yanakuwa kama uji. Hela inatosha kitu kimoja tu: bodi (kamera bila lenzi) ya megapikseli 45 au lenzi nzuri.

FundiLenzi: Lenzi, mkuu. Megapikseli 24 ni pikseli 6000 kwa 4000. 45 ni kama 8256 kwa 5504. Kwa upana umeongeza asilimia 38 hivi, si karibu maradufu kama namba zinavyokudanganya. Lenzi ikishayachanganya manyoya, sensa haiwezi kuyatenganisha tena.

Mchapaji: Usimkatishe tamaa mwenzio. Ndege wako mbali, atakata picha kila siku. Akibakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, ya 24 inabaki na megapikseli 6, ya 45 inabaki na 11. Kwa nukta 300 kwa inchi, ya kwanza inachapwa inchi 10, ya pili karibu 14. Na lenzi ya kawaida haiharibiki kwa kuvishwa bodi kubwa. Bodi hiyo inaongeza maelezo kidogo hata hivyo.

Kinyonga: Sasa mbona picha za simu zinaonekana kali kuliko zangu?

FundiLenzi: Programu ya simu inaongeza utofauti wa giza na mwanga kwenye kingo. Jicho linaona ukali, lakini hakuna nyoya jipya lililoongezeka. Kuza uone: tawi likiwa mbele ya anga utakuta mstari mweupe umelizunguka.

Shata: Jamani, hakuna aliyemuuliza anapiga kwa mipangilio gani?

Kinyonga: mm 300, tundu la lenzi f/16 ili ndege mzima awe kwenye fokasi, shata (muda wa kupokea mwanga) sekunde 1/200.

Shata: Basi usinunue kitu bado, kaka. Kwenye f/16 mwanga unasambaa ukipita tundu dogo, na nukta moja inakuwa duara la maikroni (elfu za milimita) 21 hivi. Pikseli yako ina maikroni 6. Ya 45 ina kama 4.4. Utalipia pikseli za kurekodi ukungu uleule. Rudi f/8, tundu pana zaidi, shata 1/1000 au ya haraka zaidi, ISO (usikivu kwa mwanga) ipande tu. Chengachenga za ISO kubwa zinapunguzwa baadaye, mtikisiko ndio hauna dawa.

Kisha bandika ukurasa wa maandishi madogo ukutani, weka kamera kwenye tripodi, tumia kipima muda, piga f/8 na f/16. Herufi zikiwa butu hata f/8, hapo lenzi ina kesi. Zikikatika safi mpaka uone miraba ya pikseli, Mchapaji ameshinda.

Mchapaji: Rudia na mm 200 pia. Zumu nyingi za bei hiyo zinalegea ukali zikivutwa hadi mwisho, yaani mm 300, na kona za picha hulegea kabla ya katikati.