Kwa nini nai inapanda na ganuni inashuka tunapotoka nje kwenye joto?

Mpiga Ganuni

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Naomba ufafanuzi wa jambo ambalo kundi letu dogo la taarabu hapa Unguja hulikuta kila tunapopiga uani. Ala tunazilinganisha ndani, katika chumba chenye kiyoyozi kilichowekwa digrii 22, kisha tunatoka nje ambako joto hufika digrii 31 na hewa ni nzito kwa unyevu. Baada ya nyimbo mbili tatu nai, yaani filimbi ya mwanzi, huwa imepanda, ganuni (ala ya nyuzi nyingi) na fidla zimeshuka, na akodiani imebaki palepale. Ninaposema nai imepanda sina maana kwamba inasikika kwa nguvu zaidi, bali sauti yake imekuwa nyembamba kuliko tulivyoipanga. Ningeelewa kama joto lingezishusha ala zote kwa pamoja. Je, fizikia inasemaje, na tumfuate nani?

Mwalimu wa Fizikia

Waalaykum salaam. Joto ni moja, lakini kinachotetema ndani ya nai sicho kinachotetema kwenye ganuni, na hapo ndipo njia zinapoachana.

Katika nai kinachotetema ni hewa iliyomo ndani ya mwanzi. Wimbi la sauti husafiri hadi mwisho wa mwanzi, hurudi, kisha huanza upya, na idadi ya safari hizo kwa sekunde ndiyo masafa tunayoyasikia kama noti. Kwa kuwa mwanzi huo uko wazi pande zote mbili, masafa hupatikana kwa kugawanya kasi ya sauti kwa urefu wa hewa hiyo mara mbili. Ndiyo maana noti ya hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, huhitaji hewa yenye urefu wa sentimita 39 hivi. Sasa, kasi ya sauti hewani huongezeka kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa kila digrii moja ya joto. Ndani ya chumba chenu ni kama mita 344.5 kwa sekunde, na huko uani ni kama mita 350. Urefu wa mwanzi haukubadilika, lakini wimbi linakwenda mbio zaidi, kwa hiyo 440 inasogea kuelekea 447. Nusu toni nzima (hatua moja kutoka noti hadi noti inayoifuata) juu ya 440 ni hezi 466, hivyo nai imekwisha kutembea zaidi ya robo ya njia hiyo, na sikio la mwanamuziki yeyote litalitambua hilo. Katika hali halisi tofauti hupungua kidogo, kwa sababu pumzi ya mpigaji nayo ni ya moto na huipasha hewa ya ndani hata chumba kikiwa na baridi.

Uzi hauijali kasi ya sauti hewani. Mfaransa Marin Mersenne alieleza mwaka 1636 kwamba masafa ya uzi hutegemea urefu wake, uzito wake na mkazo wake. Uzi wa chuma wa fidla ukipata joto hurefuka, na kwa kuwa ncha zake zimefungwa, kurefuka huko hakuonekani kama urefu bali kama kulegea. Mtu anaweza kudhani kwamba mrefuko mdogo namna hiyo hauna athari, lakini uzi wa chuma uliokazwa umevutwa kwa chini ya asilimia moja tu ya urefu wake, kwa hiyo hata kiasi kidogo sana kikipungua katika mvuto huo, sehemu ya mkazo inayotosha kusikika huwa imeondoka. Mkazo ukipungua kwa asilimia 2, masafa hushuka kwa asilimia 1.

Msomaji wa Tanga

Mwalimu, nakubaliana na maelezo ya nyuzi, ila nina shaka kuhusu nai. Mwanzi nao hutanuka kwa joto, na filimbi ya chuma hutanuka zaidi. Bomba likirefuka, sauti ingepaswa kushuka.

Mwalimu wa Fizikia

Ni kweli kwamba bomba hurefuka na kwamba kurefuka huko huvuta sauti chini, ila tupime ukubwa wake. Kwa ongezeko la digrii 9, filimbi ya chuma hurefuka kwa chini ya sehemu mbili katika elfu kumi, ilhali kasi ya sauti hewani imepanda kwa sehemu kama 160 katika elfu kumi hizo hizo. Hewa inashinda bila ubishi.

Fundi wa Ala

Niongeze habari za ganuni, kwani hapo joto si mhusika peke yake. Daraja linalobeba nyuzi zake hukaa juu ya vipande vya ngozi. Ngozi ikinywa unyevu hulegea, daraja huzama kidogo, na nyuzi zote zaidi ya sabini hushuka kwa wakati mmoja. Nyuzi zenyewe kwa kawaida ni za nailoni, nayo hufyonza unyevu na kulainika kwa joto. Zikiwa mpya huendelea kujivuta kwa siku kadhaa hata hali ya hewa ikitulia. Kwa sababu hiyo hiyo wapigaji huzipasha ngoma zao moto kabla ya kuanza: moto hufukuza unyevu, ngozi hujikaza, na sauti hupanda. Kwa hiyo ngoma huweza kupandishwa na moto, na papo hapo uzi wa fidla ukashushwa na taa za jukwaani.

Akodiani imebaki palepale kwa sababu noti zake hutokana na vilimi vya chuma, yaani vipande vyembamba vinavyotetemeshwa na hewa, na masafa ya kilimi huamuliwa na ugumu na uzito wake, mambo ambayo digrii tisa haziyagusi ila kwa kiasi kidogo mno. Isitoshe, hakuna awezaye kuilinganisha upya katikati ya onyesho. Ifuateni hiyo.

Mpiga Ganuni

Ahsanteni sana. Mimi na mwenzangu wa fidla tutakaza nyuzi, lakini mpiga nai hana cha kukaza. Afanyeje?

Fundi wa Ala

Anao mdomo wake. Akiinamisha nai ili midomo izibe tundu zaidi kidogo, sauti hushuka, na wapigaji wazoefu hufanya hivyo pasipo kufikiri. Ila msimpe mzigo wa hezi saba. Lilinganisheni kundi huko huko uani, ala zikiwa zimekaa nje nusu saa hivi na nai ikiwa imekwisha kupulizwa. Kisha msikilize mapigo: noti mbili za hezi 440 na 447 zikilia pamoja, sauti huvimba na kunywea mara saba kwa sekunde, na kadiri zinavyokaribiana mapigo hayo hupungua. Yakifika pigo moja kwa sekunde au chini yake, anzeni wimbo.