RAV4 kuvuta tela la mbao kutoka Mafinga hadi Moro: Kitonga nitashuka salama?

Kenchi_Moro: Wakuu, heshima kwenu. Nina RAV4 ya 2002, cc 2000, otomatiki. Jamaa ananiazima tela la matairi mawili, halina breki. Nataka kufuata mbao Mafinga, 2x6 za futi 12, vipande 40, nije kupaulia. Bodi ya tela ni futi 8. Nguvu gari linayo, hofu yangu ni ule mteremko mkali wa Kitonga.

Baba Neema: Wewe nenda tu mkuu, watu wanabebea Noah mpaka mawe.

Fundi_Ipogolo: Baba Neema, usimpoteze mwenzio. Mbao kavu ya saizi hiyo ina kilo 14 hivi, 40 ni kama 560. Mbichi kutoka msumenoni inapita 20 kila moja, hapo umeshavuka 800. Ulaya tela lisilo na breki mwisho wake ni kilo 750, na kitabu cha gari mara nyingi kinataja pungufu. Na hizo ni mbao tupu, tela lenyewe hujalipima. Breki za RAV4 ndizo zitasimamisha vyote.

Kingine ni hizo futi 4 zinazoning'inia nyuma. Mzigo ukilala nyuma ya ekseli, pua ya tela (pale linapofungwa kwenye gari) inainuka, na ukifika 80 linaanza kucheza kushoto kulia mpaka lisukume mkia wa gari. Sogeza mbao mbele, zipite juu ya ubao wa mbele wa bodi, ila zisiguse gari ukikata kona. Kisha weka pua ya tela juu ya mzani wa kupimia watu. Ikikandamiza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote, sawa.

Kenchi_Moro: Na likianza kucheza nifanyeje? Nikanyage breki?

Fundi_Ipogolo: Hapana. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, usihangaike kulirudisha. Litatulia kadiri mwendo unavyopungua.

dada_wa_semi: Kitonga weka gia ndogo, 2 au L, kabla hujaanza kushuka, sio katikati ya mteremko breki zikishanuka. Zima O/D (overdrive, gia ya juu ya mwendo kasi). Malori yakijipanga nyuma yako yapishe, usikimbizwe. Na Mikumi matuta ni mengi, hizo mbao za nyuma zitalima lami.

Baba Neema: Haya, nimekaa pembeni 😂 Ila mnyororo wa akiba kati ya gari na tela funga, pitisha msalaba chini ya pua. Taa za nyuma zijaribu kabla ya kutoka, traffic wa njia ile hawana utani. TP ya TFS, kibali cha kusafirisha mbao cha Wakala wa Misitu, unayo?

Kenchi_Moro: Muuza mbao ndiye anaishughulikia. Nimeamua nichukue kavu tu, vipande 20, nyingine zipande fuso. Dada wa semi, matairi ya tela upepo kiasi gani?

dada_wa_semi: Soma ubavuni mwa tairi, usizidishe kilichoandikwa. Ya nyuma ya RAV4 ongeza kidogo kuliko siku zote. Yapimwe yakiwa ya baridi.