"Belghamu" na "phlegm": hivi ni neno moja?

Muuza Dawa, Kayole
Hamjambo wenzangu. Nauza katika duka la dawa hapa Kayole, na kwa baridi hii ya Julai, tangu tunafungua hadi tunafunga ni kikohozi tu. Jumanne aliingia bibi mmoja mwenye buibui, lafudhi ya Lamu kabisa, akaniambia, "Mwanangu, nipe dawa ya kutoa belghamu." Sikumwelewa. Mimi nimezoea kusikia makohozi. Akajigusa kifuani, ndipo nikamtolea chupa. Pale kwenye karatasi ya chupa pameandikwa "phlegm", na nilipomsomea akasema, "Si ndilo hilo nililokwambia?" Tangu siku hiyo halinitoki kichwani. Ni sadfa tu? Na kwenye dawa za maji za kikohozi, "linctus" ina tofauti gani na "syrup"? Wateja huniuliza, nami huwajibu kwa kubahatisha. Silipendi jambo hilo.

Mwalimu, South C
Bibi kasema kweli tupu. Asili ya neno hilo ni Kigiriki, *phlegma*. Waarabu wakalitamka *balgham*, matabibu wao wakalitumia vitabuni. Hunayn ibn Ishaq alikuwa Baghdad karne ya 9 akitafsiri vitabu vya tiba vya Galen, tabibu wa Kigiriki wa kale. Kutoka kwa Waarabu likavuka bahari mpaka pwani yetu. Waingereza nao walilipata kwa njia ya Kilatini na Kifaransa. Kwa hiyo ndugu wawili wamekutana Kayole, juu ya meza yako.

Ajabu ni hii: neno lenyewe limetokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuwaka, ilhali matabibu wale wale waliihesabu belghamu kuwa ute wa baridi na unyevu, mmoja kati ya minne waliyoamini inatawala mwili.

"Syrup" nayo ni *sharab* ya Kiarabu, yaani kinywaji. Mzizi huo huo ndio uliotupa sharubati.

Nesi wa Zamu
Mimi nijibu la "linctus". Ni Kilatini, linatokana na kulamba. Usilichukulie kama hadithi tu, ndiyo matumizi yenyewe: mgonjwa ainywe taratibu bila kuichanganya na maji, wala asiteremshie maji papo hapo, ili ipake koo. Waambie wateja hivyo. Ni kama mama zetu walivyotulambisha asali na ndimu kwa kijiko. (Mtoto ambaye hajafika mwaka 1 asipewe asali kabisa, tafadhali.)

Tukiwa hapo hapo, "pertussis" ni kifaduro. *Tussis* ni kikohozi kwa Kilatini. Chanjo yake imo katika sindano anazopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Akina mama, msiziruke.

Muuza Dawa, Kayole
Nimefurahi mno, asanteni. Leo asubuhi mteja alikuwa anafungua chupa ya maji ameze na linctus, nikamzuia na kumweleza sababu. Bibi akirudi nitampa habari ya Baghdad. Mwalimu, moja la mwisho: "cough" ina *gh* ya nini, mbona haisikiki?

Mwalimu, South C
Zamani ilisikika. Waingereza waliitamka kooni, kama *kh* ya "kheri", kwa sababu neno lilikuwa linaiga sauti ya mtu anayekohoa. Baadaye matamshi yakageuka kuwa *f*, maandishi yakabaki pale pale.