Tupeane uzoefu: uliwahi kuvuliwa nguo mbele za watu ukiwa hoi?

MamaPendo_Donholm
Wadau, jana saa kumi na mbili jioni hapa Jogoo Road, Nairobi, nduthi (pikipiki) ilimgonga mama mmoja akivuka. Sketi imepanda hadi kiunoni, goti linatoka damu. Nikahesabu simu tisa juu, zinarekodi. Tisa! Mzee mmoja tu ndiye aliyevua koti lake la kijivu akamfunika, kisha akawageukia vijana: "Haya, nipigeni mimi sasa." Wakacheka. Ambulensi ikaja, vurugu, na koti likaishia mikononi mwangu, sijui vipi. Sijalala. Nimekumbuka nilivyomzaa Pendo kwenye chumba cha vitanda vilivyobanana, na kijana wa usafi anapita na ufagio wake kana kwamba yuko sokoni. Hebu tupeane uzoefu.

Kange_wa_Rongai
Tisa ni chache. Kwetu ingekuwa gari zima.

Wa_Dirishani
Akaunti hii nimeifungua leo kwa sababu ya hii mada, mtaona kwa nini.

Mwaka wa 2016 nilikuwa na miaka 19. Niliamka saa nane usiku na uchungu huko chini, upande wa kushoto, mpaka natapika. Kaka akanipeleka kasualti, pale hospitali wanapopokea wagonjwa wa dharura, tukafika saa tisa na nusu. Pale kuna dirisha la kioo lenye katundu kadogo kwa chini, lazima uiname ndipo usikike. Nyuma yangu kuna foleni, na aliyenifuata ni mama wa ploti yetu, jirani, amemleta mtoto mwenye kifua. Dada wa dirishani akauliza, "Shida?" Nikasema polepole, "Huku chini." "Chini wapi? Ongea, kijana!" Nikageuka, nikamwona mama wa ploti ananiangalia. Nikasema tumbo.

Akaandika tumbo. Nikapewa namba, nikakaa kwenye benchi mpaka kukacha. Saa mbili asubuhi kliniko mmoja, tabibu kijana kama mimi tu, akaniingiza chumbani, akafunga mlango, akauliza upya. Nikalia. Korodani ilikuwa imejipinda. Akanieleza kwamba mshipa wa damu ukijisokota hivyo una kama saa sita, baada ya hapo korodani inaanza kufa. Zangu niliziketia pale kwenye benchi lao. Ikatolewa. Sasa nina mtoto, msinihurumie sana, moja inatosha. Ila kale katundu nakaota mpaka leo.

Shosh_wa_Kayole
Pole, mjukuu wangu.

Sista_Zamu
Pole sana, ndugu. Nimefanya kasualti miaka kumi na moja na hilo dirisha nalijua.

Lakini niwaambie upande wetu pia. Akija mtu wa ajali tunakata nguo zote na tunamgeuza mgongo. Risasi huacha tundu dogo kama kifungo, usipomgeuza hulioni. Kosa ni kumwacha hivyo baada ya kumkagua. Unafunika, tena upesi, maana mwili ukipoa damu haigandi vizuri. Hilo shuka ni dawa. Sasa Ijumaa ya mwisho wa mwezi tuko wawili, wagonjwa arobaini, mashuka yako kwa dobi, pazia lina kulabu tatu. Nifunike nani?

Wakili_wa_Mtaa
Katiba ya Kenya ya 2010: Kifungu cha 28, heshima ya utu. Cha 31, faragha. Cha 43(2), hakuna wa kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inahesabu habari za afya yako kuwa nyeti. Sijaona palipoandikwa "isipokuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi".

Sista_Zamu
Njoo na hiyo Katiba Ijumaa uishike kama pazia.

Wakili_wa_Mtaa
Sijamtusi mtu.

Kange_wa_Rongai
Na nyinyi mnaolaani simu: mimi nilimtambua binamu yangu kwa video ya ajali ya Mombasa Road. Bila ile video tungemtafuta mochari hadi leo, na kumbe alikuwa wodini.

MamaPendo_Donholm
Uso ungetosha. Mapaja mlikuwa mnatambulia nini?

Kange_wa_Rongai
Si mimi niliyerekodi!

MamaPendo_Donholm
Ila uliituma.

Kange_wa_Rongai
Kwa grupu la familia.

MamaPendo_Donholm
Lina watu wangapi?

Kange_wa_Rongai
Mia mbili na kitu. Sawa, nimesikia.

Moraa_Pipeline
Acheni niseme yangu, nimeibeba miaka mitatu.

Sisi ni Wakisii. Wa kwetu wanajua chinsoni. Kwa wengine: mama mkwe na mkwewe hawaketi kochi moja, hata mlangoni wanapishana kwa adabu. Mama alikuja kwangu kupimwa macho. Asubuhi akaanguka bafuni. Bafuni, mnaelewa? Mimi niko kazini Industrial Area, mume wangu yuko nyumbani, ametoka zamu ya usiku. Akanipigia: "Mama ameanguka, namsikia anakoroma." Nikamwambia ingia. "Moraa, siwezi." Nikapiga kelele hadi wenzangu wakazima mashine. Akaenda kugonga kwa jirani, mama watoto ametoka. Akashuka ghorofa ya chini, kufuli. Wakati huo wote mama yuko sakafuni na maji yanamwagika.

Mwishowe akatoa shuka kitandani, akafumba macho, akaingia akipapasa ukuta. Akamfunika, akamkunja nalo kama mtoto, akambeba ngazi za ghorofa nne.

Kasualti mtu akamwambia, "Wewe mwanawe, shika hii dripu." Wakalifunua shuka, wakamwekea mpira wa mkojo pale pale. Mume wangu kageuza uso ukutani, mkono uko juu na dripu. Nilipofika nilimkuta anasoma bango la kunawa mikono. Kwa sauti! Alikuwa amefika "sugua kati ya vidole" na bado anatetemeka.

Kilikuwa kiharusi. Mama alipona, mkono wa kulia ndio umebaki mzito. Akakataa kurudi kwangu. Mwaka mzima akipiga simu hamuulizi mkwewe hata salamu. Wazee wakaketi, mume wangu akapeleka blanketi. Mama akalipokea kwa ule mkono wa kushoto, akamwambia, "Uligonga kichwa mlangoni ukiingia. Nilisikia."

Basi. Hakuongeza neno. Desemba alikuja kwangu.

Shosh_wa_Kayole
Uui. Kumbe alijua alikuwa amefumba macho.

Wa_Dirishani
Nimesoma mara mbili.

Kijana_Umoja
Mila zitatuua. Mtu ana kiharusi wewe unatafuta jirani?

Shosh_wa_Kayole
Nyamaza. Wewe ungeingia na simu.

Sista_Zamu
Kijana ana haki kidogo, kiharusi hakingoji jirani. Lakini Moraa, huyo aliyempa mumeo dripu bila kumuuliza yeye ni nani wa mgonjwa, hapo tulikosea, sina la kujitetea. Na wanasikia. Mimi huwaambia wanafunzi, mwambie "mama, sasa nakata gauni" hata kama amezimia.

Fundi_Nduthi
Mimi hubeba leso mbili, zile kanga, chini ya kiti. Ajali ikitokea, watu wanne washike pembe, wageuze migongo, nyuso zitazame nje. Na ukikata nguo fuata mshono, mtu atashona akipona.

Kange_wa_Rongai
Ukizungusha leso ndiyo umewaita. Watadhani anajifungua. Bora umbebe umpeleke kando.

Sista_Zamu
USIMBEBE ALIYEGONGWA. Shingo! Labda kama gari linakuja au kuna moto.

Kijana_Umoja
Ushauri wa mama yangu: vaa chupi safi kila siku, hujui utagongwa lini.

Mama_Gikomba
Mwenzenu nilikatwa sidiria yenye pesa za chama chetu cha kuchanga, 12,000. Mkokoteni ulinivunja mguu Muthurwa. Nilipozinduka niliuliza pesa kabla ya mguu.

Kange_wa_Rongai
Zikapatikana???

Mama_Gikomba
Sista alizitia ndani ya glavu, akafunga fundo, akaandika jina langu kwa kalamu. Zilikuwa zimelowa damu lakini kamili. Chama kilizikataa, ikabidi niende benki kuzibadilisha.

Kijana_Umoja
Chama kilikataa PESA? Hii ifunguliwe mada yake.

MamaPendo_Donholm
Jamani, tusisahau lile koti. Mfukoni kuna funguo na kadi ya kliniki yenye jina lake. Nimeona pia ni kliniki gani, laiti nisingeona. Niandike jina hapa tumtafute?

Wa_Dirishani
Usiandike.

Wakili_wa_Mtaa
Usiandike!

Sista_Zamu
Usiandike. Kesho saa kumi na mbili rudi pale pale ulipokuwa umesimama, ulivae hilo koti. Atakuona yeye.

MamaPendo_Donholm
Linanifika magotini. Sawa.