Naombeni ushauri: daktari kijana, niache hospitali niende bima?

Koti Jeupe: Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni daktari, sina muda mrefu kazini. Zamu za usiku zinanimaliza, ndugu wa wagonjwa wananifokea, faili haziishi. Kampuni ya bima imenipa kazi ya kukagua madai, wikiendi niko nyumbani. Niende?

Mzee Kobe: Udaktari ni wito. Vijana wa siku hizi mnataka mteremko.

Chaki Nyeupe: Nenda! Mimi niliacha ualimu, sasa nauza vipuri. Shida moja tu: nikiona bango limekosewa herufi, mkono unatafuta kalamu nyekundu.

Mama Pacha: Kama ofa ni tamu hivyo, unatuuliza nini? Kuna kitu hujasema.

Koti Jeupe: Haya. Mkataba wa bima nimeshasaini. Ila juzi usiku aliletwa mama mwenye kifafa cha mimba, mtoto akatoka kimya, amelegea. Nikamkausha huku namsugua mgongo, wapi. Nikamweka barakoa, nikaanza kuminya mfuko wa kumpulizia hewa. Kifua kikapanda. Baadaye kidogo akalia. Tangu hapo barua ya kuacha kazi siipeleki. Lakini jamani, bima nayo ni kazi halali, na nina watu wananitegemea.

Sindano Butu: Chai hii, na sukari imezidi. Huyo mama ulimpa nini?

Koti Jeupe: Magneziamu salfeti. Gramu 4 kwenye mshipa, 5 kila tako. Kabla ya dozi inayofuata unaangalia kama goti linaruka ukiligonga, mkojo unatoka, na pumzi hazijashuka chini ya 16 kwa dakika. Tuendelee?

Sindano Butu: Hayo hata Google inayo.

Mkunga wa Zamu: Mtunga hadithi angeanza na kilio. Huyu kaanza na kifua, ndicho tunachokitazama sisi. Dokta, Shirika la Afya Duniani kwenye ICD-11, orodha yake ya magonjwa, limeuandika uchovu huo wa kazi kama hali itokanayo na kazi, si ugonjwa. Kabla hujahama fani, umewahi kuomba upunguziwe zamu za usiku?

Koti Jeupe: Bosi wangu haombeki.

Mkunga wa Zamu: Sijauliza kama anaombeka.

Koti Jeupe: Sijawahi.

Mzee Kobe: Nilisema, mteremko.

Chaki Nyeupe: Mzee, umesoma uzi lakini?

Mama Pacha: Kamwone bosi kesho, dokta. Na mrejesho tunautaka hapahapa.