Kila wiki mada mpya, ya wiki iliyopita mtoto hajaielewa. Hawa walimu wa darasa la pili wanakimbilia wapi?

Wakuu habari zenu, leo nimevurugwa kweli. Hivi kile kikaratasi cha kila wiki tunacholetewa kwenye begi la mtoto kinamsaidia nani? Cha wiki hii: "Hisabati, kutoa kwa kukopa, uk. 34 hadi 36. Kusoma, herufi mwambatano. Afya, usafi wa mwili." Basi, imeisha hiyo. Wiki ijayo wanahamia vipimo vya urefu, aliyeelewa kaelewa, ambaye hajaelewa shauri yake.

Sasa nafungua daftari nakuta 52 toa 27 kaandika 35. Swali linalofuata hivyo hivyo, na la chini yake hivyo hivyo. Mwalimu kapiga X nyekundu ukurasa mzima halafu chini kaandika "ongeza bidii". Bidii ya nini jamani?? Ukiangalia vizuri mtoto sio mzembe, ana kanuni yake kabisa kichwani: akiona 2 toa 7 haiwezekani anageuza anafanya 7 toa 2 anapata 5, makumi 5 toa 2 anapata 3, anasonga mbele na roho yake nyeupe. Sasa ukimwambia aongeze bidii si atakosa kwa kasi zaidi tu! Nikachukua njiti 52 tukafunga mafungu ya kumi kumi, nikamwambia toa 27, akakwama kwenye mbili zilizobaki nje, akakaa kimya weee halafu mwenyewe akafungua fungu moja. Hakuna aliyemfundisha kwamba kukopa ndo kufungua fungu, kapewa tu wimbo wa "kopa moja jirani" akaukariri.

Kusoma ndo usiseme. Anasoma ukurasa mzima anatiririka, mpaka unajisifu una mtoto. Nikaziba picha kwa kiganja nikamwonyesha neno moja tu, "ndama", akasema ng'ombe. Yaani alikuwa anasoma picha! Na Kiswahili hiki kinachosomwa kama kinavyoandikwa, irabu tano tu, mtoto akishika silabi kweli kweli anasoma hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Lakini hizo herufi mwambatano, yaani mb, nd, nj na ng', wamezipitia mbio zote ndani ya wiki moja sababu ratiba inasema hivyo. Ila muda wa kunakili ubaoni "tunaoga kila siku" na kuchora mswaki wa rangi mbili, huo upo.

Najua mtakuja hapa mniambie mtaala unawabana na darasa limejaa. Sawa, nakubali, mwalimu mmoja hawezi kukaa na kila mtoto. Ila hiyo Ijumaa wanayotoa jaribio la maswali yale yale yaliyokuwa ubaoni si waitumie kurudia walipokwama? Na hicho kikaratasi badala ya namba za kurasa kiandike tu mtoto anatakiwa AWEZE nini mwisho wa wiki, mfano "asome maneno yenye nd bila picha", mzazi nyumbani ajue anapima nini.

Walimu mliomo humu naomba mnijibu bila kunitukana: mkiona darasa nusu nzima imekosa kwa staili ile ile, mnaruhusiwa kusimamisha mada au mnaogopa kukaguliwa? Maana kikija kingine cha "uk. 37 hadi 39" nakirudisha shuleni na hilo swali limeandikwa kwa nyuma.